Papa Cirhuza, Haikuwa Pumzi ya Mushagalusa

Papa Cirhuza,

Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako. Najua. Miaka yote ulinikataza hata kukigusa, lakini changu kilivunjika mguu wiki ya pili baada ya maziko, na mtu wa kukitengeneza nilikuwa mimi, na wewe unanijua mimi na mbao. Basi nimekaa. Makalio yangu bado hayajazoea shimo uliloacha.

Huku Kadutu iko palepale kwenye mlima wake. Mvua bado inateremsha udongo wa jirani wa juu hadi uani kwa jirani wa chini, na jirani wa chini bado anapanda na matusi kuurudisha. Jumamosi tunafanya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kama kawaida, watu ishirini na majembe manne. Kibao cha mlangoni mwa kiwanda bado kina jina lako. Waliniambia nifute niandike Murhula, nikakataa kwa ajili ya heshima, na pia kwa sababu rangi haipatikani. Mkeo, Maman Nsimire, ni mzima. Amekonda kidogo, ila sauti yake haijakonda.

Mimi nakukumbuka zaidi nikiwa na nyundo mkononi. Ulikuwa unagonga shaba umefumba macho, unasikiliza, na pale sauti ilipobadilika ulijua pamenyooka. Nimejaribu. Nikifumba macho nagonga kidole.

Sasa nina neno, na nimelizunguka mwaka mzima. Linamhusu Mushagalusa, linahusu ile tuba, na linahusu Produit. Naona umekwisha kununa. Nuna tu, lakini sikiliza hadi mwisho, kwa kuwa safari hii huwezi kunituma dukani.

Unakumbuka siku Komisari wa mkoa alipokuja kutembelea mji. Fanfari ya parokia yetu, na tarumbeta zake zote, ilipewa amri icheze, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na vyombo vinavyozidi vitatu. Padri paroko akataka ving'ae. Tukavichukua vyote kiwandani siku nne. Ile tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, ilikuwa imeanguka kutoka kwenye lori wakati wa Pasaka na kubonyea ubavuni, ukaigonga mpaka ikawa kama haijawahi kuanguka. Halafu tukavipaka vyote Produit, ile dawa yako ya kung'arishia, tukavisuuza, tukavifuta, na mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo.

Komisari alishuka garini, animasio, zile nyimbo za kusifu chama, ikaanza, akina mama wakazungusha viuno. Mushagalusa akajivika tuba yake, kubwa kuliko yeye, akapuliza. Katikati ya wimbo, paa! Ubavu ukapasuka, ufa wa urefu wa kiganja, na sauti iliyofuata sitaiandika humu kwa kuwa wewe uko mahali patakatifu. Komisari aligeuka akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akaapa kwamba si yeye.

Sisi tulicheka kimoyomoyo. Jamaa wa chama, na abakosti zao, yale makoti yaliyofungwa mpaka kooni, hawakucheka. Kesho yake tuliitwa ofisini watatu, Mushagalusa, wewe na mimi. Walikuwa na swali moja: aliyeharibu ni mpulizaji au ni fundi? Na neno hujuma lilitamkwa mara mbili. Ukaichukua tuba, ukaigeuza, ukaigonga kwa ukucha, ukafumba macho. Halafu ukamwambia mkubwa wao, "Citoyen, hii chombo ilikuwa muzima kabisa. Ni huyu mutu iko na pumzi ya hasira."

Wakanitazama mimi. Nikatingisha kichwa kukubali.

Mushagalusa hakujitetea. Alikutazama wewe tu, wewe uliyesimama naye kanisani siku ya ndoa yake. Walimlaza mahabusu siku mbili, wakamwachia na onyo. Fanfari ikamtoa. Sokoni wakampa jina la Kimbunga, na wauza makaa wakawa wanamwomba apite awawashie jiko. Mtu mpole namna ile, anayeomba radhi hata kwa mbuzi akimkanyaga! Akaacha kupita mbele ya kiwanda. Akaanza kwenda misa kule Muhumba, vilima viwili kwa mguu, wakati parokia yake iko nyuma ya nyumba yake. Siku ya kukuzika hakuja.

Nisikudanganye, nilimkasirikia. Nilisema ni mtu gani huyu asiyemsindikiza rafiki. Lakini nilikumbuka pia siku zako za mwisho kitandani, uliponiuliza mara mbili, "Mushagalusa iko aje?" Nikajibu yuko vizuri. Sikuwa nimemwona miezi sita. Ukageukia ukutani. Sikujua ulikuwa unageuka na nini moyoni, na mpaka leo nikikumbuka mgongo wako pale kitandani nashindwa kula.

Miezi minne baada ya kukuzika, mchana, nilikuwa kiwandani nakula ugali na sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani. Ile korneti ya parokia, tarumbeta ndogo uliyokuwa umeinyoosha kabla ya kuugua ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake. Hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Nikasikia, tik! Nikainua macho. Tik nyingine. Nikaishusha. Papa, korneti ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, palepale ulipokuwa umenyoosha. Hakuna mtu aliyeipuliza. Mushagalusa alikuwa mbali na pumzi zake zote.

Jirani aliyeingia kuomba moto alisema ni wewe umerudi. Nikamwambia Papa Cirhuza akirudi hatapasua korneti, ataanza na kuuliza nani amekaa kwenye kigoda. Ila niliacha kula. Chini ya ule msumari palikuwa na bidoni, lile dumu la Produit, na kifuniko chake unakijua, hakijawahi kufunga vizuri.

Maana Produit, Papa, tuiite leo kwa jina lake, ni mkojo.

Sikulaumu. Tangu maduka ya wageni yagawiwe wananchi, dawa ya kung'arishia shaba ilimalizika na haikuonekana tena, na wewe ulikuwa na vyombo kumi na vinane vya parokia vyenye kutu ya kijani. Mtu mwingine angefunga kiwanda. Wewe ulikumbuka kitu ulichoona ujanani, ukaweka bidoni nyuma ya mlango. Sote tulichangia, mafundi, wateja, hata yule mwalimu aliyeleta baiskeli. Ulikuwa na nadharia kwamba ya mtu aliyekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, ina nguvu zaidi, na alasiri za Jumapili ulikuwa unawapokea wageni kwa furaha ambayo hawakuielewa. Wiki tatu ilikaa mpaka ikawa inauma pua. Ukaipa jina la Kifaransa ili watu wasiulize. Paroko alipouliza hata hivyo, ukamwambia ni ndimu na majivu. Na kweli, baada ya kusuuza mara tatu haikunuka kitu.

Nikaenda kwa masœur Faida, yule mtawa anayefundisha fizikia liseni, sekondari ya kule Muhumba, ambaye tulimtengenezea pampu. Mtoto wa Luberizi, amekulia kwenye mpunga na ndama, hana maringo. Nilimpelekea korneti na chupa ndogo ya Produit. Akafungua chupa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Nikasema ni produit. Akasema, "Hii ni zizi la ngombe. Hii iko na amoniaki." Halafu akaniuliza nafikiri nini kimetokea. Nikaanza kueleza kwa marefu, pumzi, hasira, shaba mbovu ya siku hizi. Akanikata. "Sikuuliza ya sokoni. Umepima nini?"

Sikuwa nimepima kitu, Papa. Miaka kumi na moja kiwandani kwako, na sikuwa nimewahi kupima kitu. Tulisikiliza tu.

Kwanza akanipima mimi. Akanitundikia ukutani mrija mrefu wa plastiki wenye maji, umepindwa chini, akaniambia nipulize kwa hasira zangu zote. Nilimfikiria mwenye nyumba wangu, nikapuliza mpaka macho yakataka kutoka. Maji yakapanda, yakafika kifuani mwangu, yakakataa kuendelea. Masœur akasema hiyo ndiyo nguvu yote ya mtu, na bati la shaba halijui hata kama umepiga chafya. Nilitoka pale nina aibu kwa mambo mawili, pumzi yangu na kile kichwa nilichotingisha.

Halafu kazi yenyewe. Nilikata vipande vinne vya bati la shaba ya njano. Nikachukua bikari ya shule ya binti yangu, nikachora juu ya kila kimoja mistari myembamba, milimita kwa milimita, kwa urefu na kwa upana, mpaka vikawa kama daftari la hesabu. Siku tatu. Mke wangu alifikiri nimeanza kutengeneza bahati nasibu. Vipande vitatu nikavibonyeza kwenye jiwe, nikavigonga kwa nyundo yako ndogo kama ulivyonifundisha, mpaka vikanyooka. Kwa macho vilikuwa vizuri. Nilijisifu.

Masœur akaviweka chini ya mikroskopi ya liseni, ile ya kutazamia ngozi ya kitunguu, na ndani yake kuna vipimo vidogo vilivyochorwa kwenye kioo. Nikatazama, nikapima mraba mmoja mmoja. Katikati ya kipande, miraba ilikuwa kama nilivyoichora. Lakini ukingoni mwa lile bonde tulilolinyoosha, kwenye ukanda usiozidi upana wa kidole, miraba ilikuwa imevutwa, imelala ubavu, mingine mirefu kupita jirani yake kwa karibu nusu. Na mstari mmoja tu pembeni, miraba mingine haikujua kitu. Papa, sisi tulidhani tukinyoosha shaba inanyooka yote. Inanyooka usoni. Ndani, penye ukanda ule, panavutana na jirani yake siku na siku, panangoja.

Kipande cha kwanza, kilichogongwa, nikakiweka kwenye chupa juu ya Produit, kipate mvuke wake. Cha pili, kilichogongwa vilevile, nikakiacha mezani bila dawa. Cha tatu sikukigonga, nikakiweka kwenye mvuke uleule. Cha nne nilikigonga, kisha nikakipasha moto mpaka kikawa chekundu, nikakiacha kipoe, ndipo nikakiweka kwenye mvuke uleule. Ile kazi ya moto ambayo wewe uliikataa siku zote, ukisema, "Moto inaua rangi." Produit yenyewe ilibidi niitengeneze upya, peke yangu, bila kasiksi, kwa sababu nilitaka kazi safi. Mke wangu akahamia kwa dada yake mpaka bidoni ilipoondoka.

Siku ya tatu, kipande cha kwanza kilikuwa na ufa. Vingine havikuwa na kitu, hata baada ya mwezi. Na ule ufa, nikiupima kwenye mikroskopi, ulipita palepale miraba iliyovutwa inapokutana na ile isiyoguswa, kama mtu anayefuata mpaka wa shamba. Nikachukua tuba, iliyobaki konani mwa kiwanda tangu ofisi ilipoturudishia, na korneti, nikakumbuka mabonde yalipokuwa, nikapima. Palepale.

Kwa hiyo nyundo yako peke yake haikupasua kitu. Produit peke yake haikupasua kitu. Zilikutana. Na Mushagalusa hakuhusika hata kidogo.

Nilifurahi kwa nusu saa. Nilitembea toka Muhumba mpaka Kadutu nikijiona profesa. Kwenye ngazi za mwisho za mlima ndipo nilipoelewa: ili nimsafishe Mushagalusa, lazima niwaambie watu kumi na wanane, na paroko juu yao, walichokuwa wakikitia mdomoni miaka mitatu. Na niwaambie kwamba fundi bora wa Kadutu, ambaye bado wanamlilia, alimtupia rafiki yake kosa lake. Nilirudisha vipande kwenye sanduku, nikafunga. Nilikaa navyo wiki mbili. Niliwaza kusema ni shaba mbovu kutoka kiwandani Ulaya. Ingepita. Ingetosha kabisa, ila Mushagalusa angebaki Kimbunga mpaka kufa, na mimi ningebaki yule wa kutingisha kichwa.

Nikamwendea mkeo. Nilianza mbali, na amoniaki, na miraba. Maman Nsimire alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. Nilipofika kwenye bidoni akasema, "Murhula, unafikiri ile bidoni ilikuwa ya nani? Nilimupatia bidoni ya mafuta yangu, hakunirudishia." Kisha akaweka maharagwe kando, akasema kitu ambacho nakuletea kama alivyokisema: "Papa Cirhuza alikufa na ile maneno kwenye shingo. Uitoshe pale shingoni."

Mwaka ukatimia, tukaondoa matanga Jumapili iliyopita, uani kwako. Walikuja wote, fanfari nzima na vyombo vyao, paroko, majirani wa juu na wa chini wakakaa benchi moja bila kugombana. Maman Nsimire alikuwa amemtumia Mushagalusa ujumbe kwa mkono wake mwenyewe. Alikuja. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, kama mtu anayengoja basi.

Nikasimama na vipande vinne kwenye sahani. Nikaeleza miraba, hakuna aliyesikiliza, mpiga ngoma akawa anamwita mwenye nyama. Ndipo nikasema Produit ni nini.

Mpiga tromboni alikuwa ameinua chombo mdomoni kujiandaa. Akakishusha polepole. Mmoja akatema mate, mwingine akatema, halafu fanfari yote ikawa inatema kwa zamu. Paroko, ambaye Noeli moja alichukua korneti mwenyewe kuonyesha vijana, akatoa kitambaa akajifuta mdomo mpaka ukawa mwekundu, akauliza kwa unyonge kama ilikuwa imesuuzwa. Nikasema mara tatu, Padri. Akauliza tena, mara tatu kweli?

Maman Nsimire ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka, na kucheka kwake kukawaambukiza wengine, nyuma mpaka mbele, na mpiga tromboni aliyekuwa anatema akawa anatema na kucheka pamoja, kazi ngumu sana.

Nikangoja. Kisha nikasema lile lingine. Nikasema, ile siku ya Komisari, Mushagalusa hakukosa kitu. Papa Cirhuza aliogopa, akasema uongo. Mimi nilikuwepo, nikatingisha kichwa. Nilikutaja kwa jina, Papa, na kosa lako nikaliweka karibu nalo, mbele ya watu wako. Nilidhani watainuka waondoke. Nilikuwa tayari kubaki na sufuria zote zile peke yangu. Hakuna aliyeondoka. Jirani wa chini alisema tu, "Ofisi ile, nani hangeogopa?" na watu wakatazama chini.

Mushagalusa akaingia. Alipita katikati ya viti, hakunitazama, akaenda mpaka kwenye picha yako waliyoiweka mezani na maua. Alisimama. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Papa, mtu yule alikulilia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya maziko, akikuita kwa jina lenu la utotoni ambalo sisi hatukulijua, akikuuliza mbona hukumwita. Mwaka mzima hakuwa na ruhusa ya kukulilia. Maman Nsimire akamshika mkono, na tukalia sote upya, matanga tuliyokuja kuyaondoa yakaanza tena mchana kweupe.

Tuba nimeitengeneza. Nimeipasha moto, rangi imekufa kidogo kama ulivyosema, nimeziba ufa, nimeing'arisha kwa ndimu na majivu. Inachukua siku mbili na mikono inawaka. Nimeirudisha parokiani.

Basi, Papa Cirhuza, pumzika. Ninakuombea, na Mushagalusa anakuombea, katika parokia yake ya nyuma ya nyumba. Sikuandika haya kukudhalilisha. Ulinifundisha kila kitu mikono yangu inachokijua, na nimekulilia kuliko nilivyomlilia baba aliyenizaa. Ila nakuahidi hili: kila shaba nitaipasha moto nikishaigonga, na siku nitakapokosea, nitasema mwenyewe, aliyekosewa akiwa mbele yangu na mimi nikiwa bado ninapumua.

Mwanafunzi wako,
Murhula